Nahodha Wangu wa Gofu

Afadhali niwasimulieni mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Ofisi yetu ya Mahajanga ilishindana na wenzetu wa Nosy Be: kila upande uchague wachezaji sita katika mashindano ya gofu ya ng'ambo, na ambao kikosi chao kitapata alama chache wawapikie wenzao pilau. Sijawahi kushika fimbo ya gofu, lakini nilijitia ujuzi, nikaachiwa kuchagua.

Nikatazama video ya mwaka uliopita. Mzee mwenye mvi alipiga mpira wa kwanza, umati umesimama, vijana wamevua kofia. Sisi wenye asili ya Ngazija hatuhitaji kuelezwa. Katika shughuli zetu, anayetangulizwa ndiye mkubwa wa wote. Nikamfanya nahodha.

"Una hakika, dada Zaina?" Rivo wa Nosy Be aliniuliza kwa simu.

"Mkubwa haachwi nje," nikamjibu, nikajiona nimesema neno zito.

Siku ilipofika tulikusanyika mbele ya kompyuta ya mkuu wetu. Mzee wangu akapiga mpira mmoja, watu wakashangilia, nami machozi yakanilengalenga. Huko kwetu wazee hawashangiliwi hivyo siku hizi. Kisha akapunga mkono, akaenda kuketi kivulini, akaletewa chai.

Tukangoja. Vijana wakapita mmoja mmoja.

"Anarudi saa ngapi?" nikauliza.

Mkuu wetu alivua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Zaina, huyu aliacha kucheza zamani. Huitwa kufungua mashindano tu, kwa heshima."