Bibi, Hebu Rudia

Mimi ni mfamasia wa wodi ya watoto hapa Mwanza. Mtoto akiruhusiwa, namfundisha mlezi wake jinsi ya kumpa dawa nyumbani, kisha namtaka arudie yote. Akikosea, mtoto atarudi kitandani. Kwa kazi hiyo nilijiona bingwa, mpaka wiki iliyopita.

Alikuja bibi mmoja kumchukua mjukuu wake. Nikamwamkia, nikatikisa chupa, nikavuta dawa kwa kibomba kisicho na sindano hadi kwenye mstari. Harufu ya ndizi ikanipiga. Jamani! Ni ileile dawa ya utoto wangu kule Pasiansi. Nikamwona bibi yangu ameketi juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ziwa linameta kule chini, nami nimeng'ang'ania kanga yake. Hakuwahi kunipa uji wala dawa bila kuonja kwanza. Akionja, alifumba jicho moja akasema, "Tamu!" Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nani ataniambia tena neno lile?

Nilipozinduka, daktari wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, na kibomba mkononi mwangu kilikuwa kitupu. Nikajikaza.

"Bibi, hebu rudia, daktari naye asikie."

"Unatikisa chupa," akasema taratibu, "unavuta mpaka kwenye mstari. Halafu unakunywa wewe mkubwa, unafumba jicho moja, unasema, 'Tamu!'" Akanitazama kwa huruma. "Sasa mtoto naye anapewa saa ngapi, mwanangu?"