Nusu ya Doto

Mimi si mtu wa mizimu, na naomba hilo lieleweke kabla sijasema lolote. Mwaka 1994 nilikuwa chuoni Butimba nikisomea kufundisha sayansi, na mtu akiniambia ameona kivuli, nilimuuliza kilikuwa na uzito gani. Shangazi zangu walinicheka sana kwa tabia hiyo. Walikuwa pacha, Kulwa na Doto, dada wa baba yangu, na nilikaa nao kwenye nyumba yao ya vyumba viwili, si mbali na chuo. Wakiniona nakuja walisema, "Justa huyo, ficheni maneno."

Hawakuwahi kuolewa wala kutengana. Walipokuwa wasichana walipata kazi ya upishi kwa mama mmoja Mhindi wa Goa, Mama Pinto, aliyekuwa na nyumba Capri Point, mtaa wa matajiri kando ya ziwa. Kila Krismasi mama huyo alitengeneza kinywaji cha maziwa, mayai na brandi, kizito, cha rangi ya siagi. Mgeni akinywa glasi ya kwanza huvua koti, ya pili huimba. Alipoona wale wasichana wana mikono myepesi, akaogopa kwamba matajiri wenzake watamnyang'anya mmoja wao pamoja na siri yake. Basi akaigawa siri. Akamfundisha Kulwa nusu ya kwanza: viini vya mayai kupigwa na sukari mpaka vibadilike rangi, maziwa ya moto kumiminwa kidogo kidogo, mwiko usisimame. Akamfundisha Doto nusu ya pili: brandi, kungumanga, na kitu kingine ambacho Doto hakukitaja kwa mtu yeyote. Wakati wa nusu ya mwenzake, kila mmoja alitolewa nje.

Mama Pinto alihama nchi zamani, lakini hawa wawili waliendelea hivyohivyo. Mwanzoni ulikuwa mzaha tu. Baadaye ukawa mzito kama amri ya kanisa. Miaka ile ya foleni na sukari ya kibali hawakutengeneza kitu. Kisha mambo yakalegezwa, maduka ya mjini yakajaa maziwa ya kopo na chupa ambazo hatukuzijua majina, na Krismasi ya shangazi zangu ikarudi. Majirani walikuja na vikombe vyao. Hata mzee Nurudin wa duka la pembeni, asiyegusa pombe, alikuja kusimama uani. Alisema harufu si haramu.

Nieleze walivyofanya, maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Jiko lao lilikuwa chumba cha peke yake uani, mlango mmoja wa bati, dirisha moja dogo lenye nondo. Kulwa akimaliza nusu yake aliiweka sufuria juu ya kigoda, akaifunika, akatoka, akasema, "Doto, zamu yako." Doto aliingia na kufunga mlango. Sisi nje tulisikia kijiko kikizunguka, taratibu, muda wa kuosha vyombo vya watu watatu. Akimaliza aligonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria. Mara mbili, kimya kidogo, mara moja. Hapo ndipo ulipokuwa na ruhusa ya kuingia.

Kila Desemba, kabla ya kazi hiyo, Doto alivuka ziwa kwenda kisiwani, Nansio, kumsalimia mjomba wao, kwenye nyumba alimozaliwa mama yao. Desemba ya mwaka 1993 alivuka kama kawaida. Siku ya kurudi, boti ndogo aliyopanda ilikutwa na dhoruba ikapinduka. Walikuwa watu kumi. Saba waliokolewa, wawili walipatikana wamekufa, na Doto hakupatikana kabisa. Kilichorudi ni kikapu chake kitupu. Alikuwa amevaa kanga nyekundu, nusu ya doti waliyonunua pamoja. Nusu ya pili alikuwa nayo Kulwa.

Kulwa alikataa. Alisema Doto ameokotwa na wavuvi, yuko kwenye kisiwa fulani, amegonga kichwa na amesahau jina lake. Mwaka mzima aliweka sahani mbili mezani. Alikwenda kwenye kila mwalo, boti za uvuvi zinapotia nanga, kuuliza, mpaka wavuvi wakawa wakimwona kwa mbali wanajifanya wanashona nyavu. Alikonda. Shule aliyokuwa akipikia ilimvumilia, kisha ikachoka. Nilimwonea huruma, na nikichoka nilimkasirikia, na usiku nililia kwa sababu ya kumkasirikia.

Kwetu mtu aliyemezwa na ziwa asipopatikana, huzikwa mgomba mahali pake, ndugu wapate kupumua. Baba yangu, mzee Machibya, akapanga mazishi hayo nyumbani kwake Kisesa, tarehe 27 Desemba, mwaka ukiwa umetimia. Wazee wakasema wa kwanza kutupa udongo lazima awe pacha wake. Kulwa akajibu, "Siku mtakayomzika Doto akiwa hai, mchimbe mashimo mawili." Baba naye si mtu wa kubembeleza. Alituma neno kwamba watazika, na asipokuja asikanyage tena kwake. Nilijua kila mmoja anamaanisha alichosema. Baada ya siku tatu ningekuwa sina tena ukoo mmoja, ningekuwa na pande mbili.

Tarehe 24, saa tisa alasiri, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Kulwa uani na masufuria mawili ya uchafu.

"Shikamoo shangazi. Nini hiki?"

"Marahaba. Yamekatika," alisema. "Mara mbili. Nikimimina brandi tu, yanakatika."

Nilichungulia. Maziwa yalikuwa yameganda vipande vipande, maji ya kijani yakielea juu. Nikaanza kumweleza mambo ya joto na protini za yai, kwamba asubiri yapoe kwanza. Aliniacha nimalize.

"Wewe mwalimu, mimi nimepika kabla hujazaliwa. Yanakatika kwa sababu ile si nusu yangu."

"Basi tuache, shangazi. Mwaka huu tunywe chai."

"Akifika akute hakuna?"

Alivunja mayai ya mwisho, akapiga viini kwa sukari, akachemsha maziwa, akakoroga juu ya makaa hafifu. Mchana ule ulikuwa na joto la kutisha. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa bila kunyesha, na hapakuwa na umeme tangu asubuhi, kwa hiyo hata redio za jirani zilinyamaza. Alipomaliza aliweka sufuria juu ya kigoda, akaifunika kwa sinia. Pembeni akaweka chupa ya brandi na kungumanga na kikwaruzio. Akatoka. Akafunga mlango wa bati na kutia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake, ile nyekundu.

Kisha akasema, kwa sauti ya kila siku, "Doto, zamu yako."

Nywele zilinisimama, na nilijichukia kwa hilo. Nikaketi naye kwenye mkeka. Nilikuwa nimeshapanga moyoni: akisinzia nitauchukua ufunguo, niingie, nimimine brandi mwenyewe maziwa yakiwa yamepoa, aone yametokea vizuri, apate faraja kidogo, labda akubali kwenda Kisesa. Ulikuwa uongo wa nia njema. Naukiri hapa kwa sababu sikuwahi kuufanya.

Hakusinzia. Alikaa wima, mikono mapajani, anautazama mlango. Kuku wa jirani waliokuwa wakichakura uani waliondoka mmoja mmoja kupitia pengo la ua, bila kelele. Nikasikia harufu ya kungumanga.

Nikajiambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Kisha kijiko kikaanza kuzunguka.

Nimejaribu miaka yote hii kukiita panya, bati kupoa, sikio langu. Kilikuwa kijiko, ndani ya sufuria, kikizunguka taratibu kama tulivyokisikia kila mwaka. Nilimshika Kulwa mkono. Ulikuwa umelegea kabisa. Alikuwa akitabasamu, na machozi yanamtiririka, na midomo yake inatikisika kama mtoto aliyeahidiwa kitu.

"Amekuja," alininong'oneza. "Nilikwambia."

"Shangazi, nipe ufunguo."

"Kaa chini. Hapendi kuonwa."

Nilikaa. Kijiko kilizunguka muda uleule, wa kuosha vyombo vya watu watatu. Kisha kikagonga ukingo. Mara mbili. Kimya kidogo. Mara moja.

Kulwa aliinuka na kufungua kufuli. Ndani hapakuwa na mtu. Nondo za dirisha zilikuwa mahali pake, na utando wa buibui kwenye kona yake haukuguswa. Chupa ya brandi ilikuwa imepungua hadi nusu. Sufuria ilikuwa imefunuliwa, na kilichokuwa ndani kilikuwa laini, rangi ya siagi, hakikukatika popote. Nilipogusa ubavu wa sufuria niliondoa mkono haraka. Nusu saa tu ilikuwa imepita tangu itoke motoni, na ilikuwa baridi kama imechotwa chini ya ziwa.

Juu yake kilielea kifungu kidogo. Majani matatu ya mchungwa, mabichi, bado yana maji, yamefungwa pamoja kwa ukanda mwembamba wa kitambaa chekundu uliochanwa.

Hatukuwa na mchungwa. Hakuna jirani aliyekuwa na mchungwa. Kulwa alikitoa kile kifungu, akakinusa muda mrefu.

"Wa mama," alisema. "Ule wa nyuma ya nyumba, Nansio. Tulikuwa tunatafuna majani yake tukiwa wadogo. Kumbe siri yake ndiyo hii. Miaka yote nadhani anakwenda kumsalimia mjomba."

Akachota glasi mbili. Moja akaiweka juu ya kigoda, moja akainywa yote, kwa pumzi moja, amesimama. Nilingoja acheke. Nilidhani sasa ndiyo hatakubali kamwe, kwamba kesho ataniambia niweke sahani ya tatu kwa ajili ya wavuvi waliomwokoa.

Badala yake aliketi sakafuni pale jikoni, akaanza kulia kilio cha msiba. Kile chenyewe, cha sauti, cha mikono kichwani, alichokuwa amekizuia mwaka mzima. Majirani walikuja mbio. Mzee Nurudin aliacha duka wazi. Walimkuta ameikumbatia miguu yangu.

"Justa, mwanangu, ndugu yangu amekufa."

"Shangazi, si umesema amekuja?"

"Ndiyo. Angekuwa hai angegonga mlango. Angenitukana kwamba nimemkalisha nje." Alipangusa uso kwa kanga. "Mwaka mzima nilimwita. Wala sikufikiri nani anaweza kuingia mahali palipotiwa kufuli. Mwambie baba yako achimbe. Nakuja."

Tarehe 27 tulikuwa Kisesa. Baba alimwona dada yake akishuka kwenye gari, na yule mzee mkali akamwendea bila fimbo, wakashikana mabegani. Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka, mrefu kadiri ya mwanamke. Kulwa alivua kanga yake nyekundu akanipa.

"Mfunike wewe. Mimi siwezi."

Niliipokea, nikapiga magoti. Na hapo, Mungu anisamehe, sayansi ilinirudia. Niliwaza: ule ukanda ulitoka kwenye kanga hii. Kulwa aliuchana mwenyewe, akapata majani mahali, akanichezea akili kwa huzuni yake. Sikumlaumu. Nilitaka tu kujua. Wakati wanawake wanaimba, nililipitisha pindo lote kati ya vidole vyangu, pembe hadi pembe, upande huu na ule.

Lilikuwa zima. Halikuchanwa popote.

Nikaufunika mgomba, nikamwachia Kulwa atupe udongo wa kwanza.