Sanda ya Babu Juu ya Tembe

Uwanja wa ndege hauko mbali na Chang'ombe ninakoishi, na ndege inapokuja kutua, vikombe vyangu kabatini hugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Majirani hawaisikii tena. Mimi huisikia. Hata niwe nimeshika mwiko, mkono husimama wenyewe, na mara nipo tena kijijini kwetu, upande wa Chamwino, mwaka ule mvua ilipogoma na anga ikawa nyeupe kama jicho la kipofu.

Babu yangu mzaa baba, Mzee Lechipya, alikuwa Keya, ndivyo walivyoitwa askari wetu waliopelekwa kwenye vita vya Wazungu kule Burma. Bunduki hakukaa nayo sana. Walimpandisha ndege. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mlango usio na mlango, kamba kiunoni, na kusukuma magunia yawaangukie wenzake waliokuwa msituni chini, mahali ambapo gari lisingefika. Alisema ndege ya vita inanuka mafuta, mchele mbichi na matapishi, na kwamba matapishi mengi yalikuwa yake. "Mgogo amezoea kutazama mbali," alikuwa akiniambia, "si kutazama chini."

Ninyi mliolelewa na wazee mnajua jinsi hadithi moja inavyorudiwa mpaka mtoto akaiota. Mimi niliota vitambaa vyeupe. Askari wa chini, alisema Babu, walitandika vitambaa vyeupe mahali pa wazi, na rubani akiviona ndipo anasema sukuma. Asipoviona hakuna kusukuma. Nikimuuliza kama kuna siku hawakuviona, alianza kupapasa mifuko yake akitafuta ugoro, hata kama kikopo cha ugoro kilikuwa mkononi mwake.

Mwaka ule wa njaa Baba aliondoka na ng'ombe waliosalia kwenda kutafuta malisho kusini, na hatukupata habari zake. Mama alitoka alfajiri kwenda kuchimba mizizi porini, akarudi jua likiwa limechwea, kucha zimejaa udongo. Nyumbani tulibaki Babu, mimi, na mdogo wangu Tabita, ambaye alikuwa bado hawezi kutamka Raheli, akiniita Eli. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu. Ukimbonyeza mguu, alama ya kidole ilibaki pale kama kwenye tope. Uji tuliompa ulikuwa mwepesi kiasi cha mtu kujitazama sura. Alikuwa ameacha kulia, na mimi, kwa ujinga wa utoto, nilidhani amepata nafuu.

Siku hizo ndege moja ndogo ilikuwa ikipita juu yetu. Hatukujua ni ya nani. Asubuhi moja Babu alisimama uani akaitazama mpaka ikapotea, kisha akageuka kutazama nyumba yetu. Ilikuwa tembe, kuta za miti na udongo, na paa lake bapa nalo udongo mtupu.

"Raheli," akasema, "ukiwa kule juu, hii si nyumba. Ni ardhi tu. Watu wanapita wanasema hapa hakuna mtu."

Akaingia ndani, akafungua sanduku lake la bati, akatoa sanda yake. Alikuwa ameinunua zamani ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Tukapanda juu ya tembe, yeye kwa magoti, akiyatukana magoti hayo kwa Kigogo, na kwa matusi lugha yetu si maskini. Akaichana sanda katikati, akatandika vipande viwili kwa kupishana, akaniagiza nilete mawe ya kuzuia upepo. Ilikuwa nyeupe mno. Nilifurahi kama siku ya Krismasi.

Ndege ilikuja jua likiwa utosini. Babu alisimama wima, akapunga kofia yake. Mimi niliruka na kupiga kelele mpaka koo likaniuma. Kivuli cha ndege kilipita juu yetu, kikavuka zizi tupu, kikaenda zake.

"Hajaona," Babu akasema. "Atazunguka. Wakikosa mara ya kwanza huzunguka."

Udongo wa paa ulituunguza nyayo. Haikuzunguka.

Waliokuja ni watu. Sanda juu ya tembe ilikuwa imeonekana kutoka njiani, na habari ikapita nyumba kwa nyumba kwamba kwa Mzee Lechipya kuna msiba. Wanawake walifika wamejifunga khanga viunoni, na kwa kuwa msibani haendi mtu mikono mitupu, kila mmoja alikuwa amebana kitu. Jirani yetu Mama Yoeli alitangulia kuingia akilia, akamkuta Tabita kwenye ngozi, akipepesa macho.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," akasema Babu.

"Sasa hiyo sanda, mzee?"

"Naita ndege."

Mwanamke mmoja alicheka, kicheko kifupi cha kukata tamaa. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu, si yao, ya Babu. Mama Yoeli akafungua fundo la khanga yake, akamimina uwele kidogo kwenye kinu chetu. "Nimeshatoka nao nyumbani," akasema. "Nikirudi nao nitaula." Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Siku hiyo Tabita alikunywa uji mzito, akaniita Eli mara nyingi.

Mama alikutana na habari njiani. Alikuja mbio, mizizi ameitupa huko huko. Alimnyakua Tabita, akampapasa kichwa, kifua, nyayo, kama mtu anayetafuta kilichoibiwa. Kisha akafanya jambo ambalo mke wa mtu hamfanyii mkwewe. Akamtazama Babu usoni.

"Baba, umetandika sanda juu ya mtoto aliye hai. Umeita nini?"

Mkwe na baba mkwe kwetu hawakai kupiga soga. Hadithi za Burma zilikuwa zangu. Mama hakuwahi kusikia hata moja. Babu angeanzia wapi?

Kabla mwezi haujaisha Tabita alifariki, akiwa mgongoni mwa Mama. Wanawake walikuja tena, safari hii mikono mitupu, wakakaa nasi. Lori la mahindi ya njano ya msaada lilifika kijijini udongo wa kaburi ukiwa bado haujatulia. Baadaye Baba naye alirudi, bila ng'ombe.

Mama alimpikia Babu miaka yote iliyobaki. Alimpigia goti, akamnawisha mikono, akasema "karibu chakula", na baada ya hapo hapakuwa na neno. Babu alizikwa nikiwa sekondari.

Mwaka jana binti yangu, anayesoma historia chuoni, alinitumia kwenye simu kumbukumbu walizoandika askari wa anga wa vita ile. Mmoja alikuwa rubani wa kuangusha chakula Burma. Anaeleza vitambaa vyeupe. Anaeleza siku wingu lilipofunika bonde. Walizunguka na kuzunguka mpaka mafuta yakakaribia kwisha, wakarudi na magunia yote. Baadaye walisikia kwamba watu walikuwa chini pale pale, vitambaa vimetandikwa, wakiwasikia. Anasema wasukumaji wa magunia walilia njia nzima. Jina la hata mmoja hakuliandika. Huenda Babu hakuwa kwenye ndege ile. Ndege zilikuwa nyingi, na mawingu pia.

Nilikwenda kijijini nikamsomea Mama, nikigeuza kwa Kigogo polepole.

"Vitambaa vyeupe?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Ndivyo watu walivyoomba chakula."

Alilainisha khanga yake magotini. "Mbona hakuniambia?"

"Ungemsikiliza?"

Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. Kisha akasema, "Nilimpikia miaka yote ile nikidhani ninamlisha mtu aliyemuua mwanangu."

Utotoni niliamini Babu alikuwa na hakika kwamba ndege ile ingetushushia magunia. Leo sidhani hivyo. Alijua kuliko sisi sote jinsi chakula kinavyoweza kupita juu ya vichwa vya wenye njaa na kurudi kilikotoka. Jambo ambalo hakuweza kulivumilia, safari hii akiwa yeye ndiye wa chini, ni kumwachia aliye juu nafasi ya kusema kwamba hakuona mtu.