Mpuliza Dawa Aja Kuposa

Shangazi yangu anafundisha baiolojia, na wanafunzi wamembandika jina Mama Chembe. Ana miaka hamsini na ushee, hajawahi kuolewa, na vyumba vyake viwili vimepangwa kiasi kwamba ukisogeza stuli, redio inapoteza stesheni. Niliwahi kuisogeza. Nilikoma.

Mpuliza dawa, mgane mmoja mpole, aliitwa kuua mende. Wengi wakafa, wachache wakasalimika, wakazaa watoto wasioijali dawa ile, naye akaitwa tena. Na tena. Wala hakuonekana kusikitika. Mimi sikuzaliwa jana: nani anapulizia mende dawa akiwa na shati lililonyooshwa pasi?

Siku moja, barakoa ikimning'inia shingoni, akatamka kwamba anataka kumwoa.

"Bwana wee," shangazi akamjibu kwa sauti ya darasani, "kiumbe sahili ndiye hubadilika upesi. Bakteria analala hivi, anaamka vingine. Mimi nina mambo mengi, na kila moja limefungamana na jingine. Ukigusa hili, lile linaharibika."

"Nimekuelewa, Mwalimu," akasema, akabeba pampu yake.

Shangazi alimchungulia dirishani mpaka akapotea kwenye kona, kisha akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Nilikasirika! Bahati haiji kila siku na pampu mgongoni.

Nikajitia ujinga. "Shangazi, eti popo mkono wake ulipogeuka bawa, ini nalo liliharibika?"

"Liharibike kwa nini? Mwili una mafungu, mtoto we. Fungu moja linaweza kubadilika, mengine yakaendelea na kazi zake. Ndiyo maana hata kiumbe tata anaweza..."

Akanikazia macho.

"Una adabu mbaya," akasema. "Mpigie simu."

Mgane akarudi mbio, akakalishwa kwenye kiti, akasomewa masharti. Jikoni asiguse. Kabati la vitabu asiguse. Redio ndiyo kabisa. Alisikiliza yote, mikono magotini.

"Sawa, Mwalimu. Sasa mimi niguse nini?"

Shangazi, aliyefundisha mada ya uzazi miaka nenda miaka rudi bila kupepesa jicho, alipepesa yote mawili. Kisha akanigeukia mimi.

"We, nenda kanunue sukari!"

Sukari ilikuwepo, kopo tele. Nilikwenda, na sikuwa na haraka ya kurudi.