Mvua ya Kigoma

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mie. Niliishia darasa la saba, nikauza mkaa, nikauza mabati, leo nina maduka matatu Temeke na ghorofa Goba, na wenye digrii nimewaajiri mwenyewe. Sasa juzi binti yangu, anayechagua masomo shuleni, akaniuliza tukiwa mezani: "Baba, nikisoma fizikia nitakuja kuwa nani?" Nikafungua mdomo nimjibu, ndugu yangu, jibu likanikimbia.

Enzi zile za Ujamaa tuliishi watatu chumba kimoja hukohuko Temeke: bibi, kaka na mie. Wazazi walibaki kusini shambani. Kaka ndiye aliyenilea hasa. Alinichotea maji ya kuoga, akanitengenezea magari ya maboksi. Chumba kilinukia mafuta ya taa na ugali wa yanga, ule unga wa njano wa siku za njaa. Kaka alikuwa anasoma fizikia sekondari, na mtaa mzima ulimwita Injinia kabla hajagusa mtambo wowote.

Siku moja mwalimu wake alikuja kumsifu. Akanywa chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika, akaanza kutaja: huyu anaweza kuwa injinia wa umeme, rubani, mtu wa eksirei hospitalini, mpima hali ya hewa, ama mwalimu kama yeye. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Katika kazi hizo, mwalimu, ipi inayorudi kulala nyumbani?"

Mwalimu akacheka. "Bibi, hilo atapangiwa na serikali."

Alipomaliza masomo akapangiwa hali ya hewa. Kigoma, mwisho wa reli.

Siku ya kuondoka alituambia: "Jioni redio ikisoma mvua ya Kigoma, jueni nimeipima mie." Basi tukaishi kwa neno hilo. Betri zilikuwa hazipatikani. Tulipanga foleni duka la ushirika tukarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mchana nilizianika betri kuukuu juu ya bati, zipate jua, jioni zitoe japo dakika chache za hali ya hewa. Muziki hakuna, mpira hakuna. Wenzangu walikujaga kuomba wasikilize mpira, nawafukuza. Mwisho wakaacha kuja kabisa.

Mtangazaji akishasema "Kigoma", bibi hujifunga kanga vizuri, akaitikia: "Marahaba, baba."

Jirani wa chumba cha pili hoi kwa kicheko. "Bibi, leo mtangazaji kakuamkia?"

"Kaniamkia mjukuu wangu. Wako wewe kapima mvua ya wapi?"

Mie nilikuwaga nasogeza sikio redioni. Nilikuwa nasubiri ile sauti initaje na mimi.

Baadaye kaka akapelekwa Ulaya kuongeza masomo, akapata kazi hukohuko, akaoa hukohuko. Mji wake mpya redio yetu haikuusoma. Kigoma iliendelea kusomwa, na bibi akaendelea kuitikia. Nikamwambia huyo anayepima sasa si kaka, ni mtoto wa watu. Akasema, "Najua. Na huyo naye ana bibi yake mahali."

Bibi alishatangulia. Kile chumba nilikinunua, nikakivunja, sasa ni stoo yangu ya saruji. Hali ya hewa iko kwenye simu, hakuna anayekaa kuisubiri. Binti yangu aliponiuliza, kilichonijia mdomoni ni swali lile la bibi kwa mwalimu, nikalimeza. Mtoto usimfungie njia.

Nikatoka barazani, nikampigia kaka. Tulikuwa hatujaongea miaka.

"Shikamoo kaka."

Nikadhani simu imekatika.

"Marahaba," akasema, Kiswahili kimemgandaganda. "Huko mvua inanyesha?"

"Ilinyesha mchana. Sasa imekatika."

"Kiasi gani?"

Mwenye ghorofa mie, nikatazama ua wangu wote, taa kila kona, geti la umeme. "Sijui, kaka. Sina cha kupimia."

Tukabaki kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata, mpaka salio likaisha lenyewe. Simu ile ilikula shilingi elfu kumi na nane na mia nne.