Kinga ya Baba, Maji ya Mama

Niliondoka Elisabethville kwa sababu ya barua yenye mistari minne. Iliandikwa na katekista wa kijiji cha ukoo wa mama, ng'ambo ya mto Kafubu, kwa niaba ya mjomba wangu. Ilisema kwamba Jumamosi, jua likifika utosini, jina la marehemu mama yetu, Mwape, litarithiwa na Elena, binti mkubwa wa mjomba, na kwamba sisi watoto tusisumbuke kuja.

Kwa asiyejua desturi ya Walamba, nieleze kidogo. Kwetu mtu akifa, jina lake halizikwi. Ndugu humchagua mmoja wao, humkalisha juu ya mkeka na kumpa kikombe cha maji. Akishakunywa, yeye ndiye marehemu: watoto wa marehemu ni wake, na ndugu wa marehemu ni ndugu zake. Tunaita kupyana. Baada ya matanga ya mama, mjomba alimchukua mdogo wetu wa mwisho, Kabwe, "kwa mavuno mamoja tu". Mavuno mawili yalikuwa yamepita. Elena akinywa maji yale, Kabwe angekuwa na mama kijijini, na mimi nisingekuwa na neno tena.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Baba alipokufa niliacha shule nikiwa darasa la nne. Mama alipomfuata, tulitolewa katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi, nikapanga chumba huku Kenya, mtaa mmoja wa Elisabethville, na kuwalisha wadogo zangu kwa kushona. Kitu kimoja cha baba sikukiuza: kinga yake, ndivyo tunavyoiita baiskeli. Watu walisema msichana hapandi kinga. Nikapanda.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, niliwaacha wadogo zangu wawili kwa jirani. Lori la upande ule huondoka Jumatatu, na mimi sikuwa na Jumatatu.

Saa kumi na mbili nilifika kwenye kizuizi cha kutokea mjini. Polisi alishika karatasi yangu ya ruhusa ya kutoka mjini, lakini macho yake yalikuwa kwenye magurudumu.

"Weye mwanamuke, hii kinga ni ya nani?"

"Ya baba."

"Baba yako eko wapi?"

"Mu kaburi."

"Na bwana yako?"

"Hayazaliwa."

Alijitahidi asicheke, akashindwa. Akasoma jina kwenye karatasi. "Veronika, siku mbili tu. Ukipitisha, nitakufunga weye na kinga yako." Akainua mti wa kizuizi.

Baada ya hapo barabara ni changarawe nyekundu, yenye mikunjo kama ubao wa kufulia nguo. Mikunjo ile hutikisa meno. Ukienda polepole unarushwa juu kila hatua. Ukienda mbio gurudumu linateleza. Nilikwenda mbio. Kulia na kushoto vichuguu vilisimama virefu kuliko nyumba. Kwenye mlima wa kwanza niliposhuka kusukuma, wauza makaa wawili waliokuwa wakishuka walinipigia kelele:

"Mama, kinga inakubeba ao weye njo unabeba kinga?"

"Tunapokezana!" nikawajibu, nikaendelea kusukuma.

Saa tatu nilifika kwenye madimbwi. Siku zile yalikuwa bado mapya. Serikali ilikuwa imeamuru vijiji vichimbe na kufuga samaki, na bonde lote lilikuwa limekatwa vipande vya maji, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye matete. Njia inapita juu ya matuta ya udongo yanayoyatenganisha, upana wake kama wa kitanda. Katikati ya tuta la tatu gurudumu la nyuma likalia puu, likalala.

Mama mmoja mnene aliyekuwa akiwafukuza ndege kwa bati alikuja kunitazama nikitoa mpira. Niliuzamisha kwenye dimbwi lake, nikaubana kidogo kidogo mpaka mapovu yakaonyesha tundu.

"Unatisha samaki zangu," alisema. "Unaenda wapi na haraka hii?"

"Ku kupyana."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Na hawakukutumia muntu wa kukuleta?"

"Walituma barua. Inasema nisisumbuke."

Aliweka bati chini akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi enda, mwanangu. Enda usumbuke sana!" Akanijazia chupa maji ya mtungi, akanishikia mpira mpaka kiraka kikashika.

Chupa ile ilivunjika saa moja baadaye, nilipoanguka kwenye mchanga wa kuteremkia mtoni. Goti lilichanika. Baada ya kuvuka Kafubu nilipita vijiji vitatu, na vyote vilikuwa na maji. Lakini kwetu mtu haombi maji akiwa juu ya kinga. Atashuka, atapewa kigoda, ataulizwa habari za wote alioacha nyumbani, mmoja mmoja. Jua lilikuwa linapanda. Niliinamisha kichwa, nikapita kama mtu asiyefunzwa.

Saa sita kasoro nilisikia ngoma.

Watu walikuwa wameketi duara uwanjani kwa mjomba. Elena alikuwa juu ya mkeka. Kabwe alikuwa anatoka nyumbani, amebeba kikombe cha bati kwa mikono miwili, maana mtoto wa marehemu ndiye hupeleka maji. Nililaza kinga chini. Akaniona.

"Yaya!" Ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

Hakwenda kwenye mkeka. Alinijia mimi, anatembea taratibu asimwage, akaninyooshea kikombe, kwa sababu mama alitufundisha kwamba anayetoka njiani hupewa maji kwanza.

Wako wanaosema nilikosea kwa kiu. Kiu ilikuwapo, koo lilikuwa limekauka kama ngozi ya ngoma. Lakini nilijua kikombe kile ni cha nini. Nilikunywa mpaka chini.

Ngoma ikanyamaza. Mjomba akaruka.

"Veronika! Ile ni mayi ya marehemu!"

"Nimekunywa, yomba."

"Itapike!"

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Mutoto wa kuzaa hapyane mama yake!" mjomba alifoka. "Na huyu hana hata bwana!"

Elena ndiye aliyemaliza maneno. Alinyanyuka, akakung'uta kitenge chake. "Baba, mayi iko mu tumbo yake. Utaitosha namna gani? Na miye niko na batoto batano, sikukuomba bane wengine." Akanishika mkono. "Kuya, ukae."

Nikaketi juu ya mkeka, goti linatoka damu. Anayeanza kumsalimu mrithi ni ndugu wa marehemu, na mama alikuwa dada mkubwa wa mjomba. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mwishowe alichuchumaa, akapiga makofi mawili madogo ya salamu, uso umekunjamana kama wa anayetafuna tunda bichi.

"Mutende, yaya."

"Mutende, mudogo wangu," nikajibu. "Kesho nitarudia na Kabwe."

"Weye njo unajua, yaya."

Vigelegele vikapigwa.

Jumapili asubuhi tuliondoka, Kabwe akiwa kwenye kiti cha nyuma na samaki wakavu wa Elena mapajani. Mjomba mwenyewe alitusukuma mlima wa kwanza. Kwenye madimbwi yule mama alipiga bati alipotuona.

"Ulisumbuka?"

"Sana!"

Njiani nilifikiri yaliyotokea. Zamani nilidhani desturi ni mlango ambao wengine wameshika ufunguo wake. Sasa najua inamtii anayefika mwenyewe, hata akiwa na vumbi, hata kama hakualikwa.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika kizuizini. Polisi alikuwa yule yule. Alisoma karatasi, akamtazama Kabwe, akaisoma tena.

"Huyu mutoto hayuko mu karatasi."

"Mutoto anapita na karatasi ya mama yake."

"Mama yake nani?"

"Miye."

"Weye? Jana bwana yako alikuwa hayazaliwa. Leo uko na mutoto wa miaka saba?"

Nilifungua kinywa nimweleze habari za mkeka na kikombe, tangu mwanzo. Kabwe akanivuta blauzi kwa nyuma.

"Mama," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo, "twende. Niko na njaa."

Polisi akainua mti.