Mbu wa Saa Moja Jioni

Nimewahi kumeza mbu aliyeshiba. Damu aliyoshiba ilikuwa yangu mwenyewe, maana nilichelewa kumvuta, na kile kitambaa chembamba kinachowekwa katikati ya mrija ili mbu asifike mdomoni kilikuwa kimelegea. Alinipita ulimini, akapasuka nilipofunga meno. Nilitema mpaka mate yakakauka, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikatafuna pilipili nzima. Hadi leo nikimwona mtu ananywa soda kwa mrija, nageuza uso.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Diploma yangu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, ilikuwa imelala sandukuni mwaka wa pili, na mradi mmoja wa afya ulikuwa unatafuta vijana wa kukamata mbu katika mitaa ya Bunia, ili ijulikane wanauma zaidi saa ngapi. Mchagua jembe si mkulima. Unakaa kwenye kiti uani, unakunja suruali hadi magotini, unasubiri kuumwa. Mbu akitua mguuni unammulika kwa tochi, unamfunika kwa mdomo wa mrija wa kioo, unamvuta kwa pumzi kabla hajachoma, kisha unampuliza ndani ya kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua. Kila saa ilikuwa na kikombe chake. Tulianza saa kumi na mbili jioni, tukamaliza saa sita usiku, vikombe sita. Asubuhi msimamizi wetu alipita kuvichukua.

Walinipangia parseli, yaani kiwanja, ya dada yangu mkubwa, kule mtaa wa Rwambuzi, ambako nilikuwa naishi. Waliipenda kwa sababu iko karibu na mashimo ya matofali. Mimi mashimo yale yananitia kinyaa kuliko choo. Watu wanachimba udongo, wanachoma matofali, wanauza, wanaondoka, na shimo linabaki kutega mvua. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Juu kuna povu, mifuko ya plastiki na chura aliyevimba tumbo juu, na pembeni, penye maji kidogo, viluwiluwi vya mbu vinajikunja na kujikunjua bila kuchoka. Niliwahi kuchota maji hayo kwa kopo nikayatazama juani. Yalikuwa yanatembea.

Dada yangu, niliyemwita yaya kwa kuwa ni mkubwa wangu, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ile ya kwanza ilikuwa imetoka, na muuguzi alimwambia ni malaria iliyoitoa. Kwa hiyo hii ya pili aliilinda kama yai, na hakulala bila mustikere, yaani chandarua. Mume wake alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu, anakuja akipata nafasi, na mwanamume wa nyumba nilikuwa mimi, na miguu yangu iliyojaa vipele.

Msimamizi, ambaye sote tulimwita Madame, alitufundisha kuwatofautisha. Mbu wa kawaida anatua amejilaza. Mbu wa malaria anatua ameinua matako juu, kichwa chini, kama mtu anayefua mtoni. Vijana walicheka sana. Ukiwa peke yako uani huchekeshwi. Unamwona anatua, anapapasa ngozi kwa miguu yake myembamba, anatafuta mahali laini, na matako yako juu, na unajua kabisa anataka nini kwako. Mwili mzima unasisimka. Nilikuwa nachukia hata kuoga baadaye, kwa kuigusa miguu yangu.

Sasa nieleze upuuzi wangu. Siku ya mafunzo Madame alimtania kijana mmoja aliyesinzia. "Kikombe tupu asubuyi, mi najua mutu alilala." Kila mtu alicheka, nami nikaliweka moyoni kama sheria. Juma lililofuata yule kijana hakuonekana tena, na sikuuliza sababu. Nilijitungia mwenyewe kwamba amefukuzwa kwa kikombe tupu.

Katika parseli yetu mbu walikuja mapema. Giza likianza kuingia walitoka upande wa mashimo kama watu waliopigiwa kengele. Kikombe cha saa moja kilikuwa kinajaa upesi, karibu wote wale wa matako juu. Hiyo ndiyo saa ambayo mtaa mzima uko nje: mama wanasonga bugali, watoto wanaogeshwa kwenye beseni, jirani anakuja kuomba moto. Saa tatu watu wameshajifungia, maana mji wetu unaingia ndani mapema, na baridi inashuka, na mbu wanapotea. Nilikaa na miguu wazi nikitetemeka, na vikombe vya saa tatu, saa nne na saa tano vikabaki na mbu mmoja, au hakuna.

Nikaona aibu ya vikombe vile. Basi nikawa nagawa. Nilivuta mbu kutoka kikombe cha saa moja, nikawapuliza ndani ya kile cha saa nne, wengine katika cha saa tano, mpaka vyote vikaonekana vimefanya kazi. Nilipowavuta mara ya pili walikuwa wamechoka, miguu mingine imekatika na kubaki kwenye kioo, na mrija ulikuwa na harufu ya mate yangu ya jana. Nilifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, nikijiona mjanja. Madame alivipokea vikombe, akaandika, akaenda zake. Nikaona nimefaulu.

Jioni moja dada yangu alikuwa anapika kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, hatua tatu kutoka kiti changu. Alifuta jasho, akaniuliza bila kugeuka.

"Weye njo unakamataka. Ile mbu ya malaria inaumaka sana saa gani?"

Nilikuwa na kikombe cha saa moja mkononi, kimejaa. Ningeweza kumwonyesha tu. Lakini kumwambia ukweli kulimaanisha kumwambia na yale mengine, na dada yangu haweki neno mdomoni, angelisema hata kisimani. Pia, na hili ndilo linanichefua zaidi, nilikuwa nimeupanga uongo ule vikombeni siku nyingi hata ukawa na sura ya elimu. Nikajibu kwa sauti ya mtu wa mradi.

"Usiku, yaya. Kuanzia saa ine. Mbele ya saa ine ukuwe mu mustikere."

"Na hii ya sasa?"

"Hii ni makelele tu."

Akashukuru. Alishukuru kabisa, akaniongezea samaki.

Tulikuwa na sheria nyingine katika kazi ile: unakamata mbu wa mguu wako tu. Mbu aliyetua kwa mwenzako haingii kwenye kikombe. Kwa hiyo niliwaona kwenye miguu ya dada yangu. Alikuwa anainamia sufuria kwa mikono miwili, anasonga, na visigino vyake viko wazi, na wao wako pale, matako juu, watatu, wanne. Mara nyingine alisugua mguu mmoja kwa mwingine bila kuacha mwiko. Mmoja akaruka na tumbo jekundu, mzito, akashindwa kupanda, akatua ukutani kupumzika. Nilimwangalia akipumzika, nikarudisha tochi kwenye miguu yangu, maana saa ilikuwa inakwenda na kikombe kilikuwa kinasubiri. Mimi nilikuwa nameza dawa ya kinga waliyotupa kila juma.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wakubwa. Yangu ilitosha mwezi mmoja na siku kadhaa. Dada yangu aliamka na baridi juani, akajifunika mablanketi mawili, akatapika. Nilimpakia kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, mimi nyuma nikimshika asidondoke, mpaka hospitali. Walimtundikia dripu. Siku ya tatu mimba ilitoka. Alikuwa mtoto wa kike. Wauguzi walimfunga katika kitenge, wakanipa nimbebe, kwa sababu mume alikuwa bado njiani. Alikuwa mwepesi kuliko mkoba wangu wa vikombe.

Juma lililofuata Madame alikuja nyumbani kutoa pole. Alipomaliza kutoa pole alibaki uani, akatoa karatasi kwenye faili.

"Petit, parseli yako inanisumbua," akasema; Petit, yaani mdogo, ndivyo alivyotuita vijana wote. "Parseli zingine zote iko na saa ya kupanda na saa ya kushuka. Kwako saa zote ni sawasawa. Mbu gani hii haina saa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiangalia viatu vyake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini, na nilipomkumbusha neno lake la siku ya mafunzo alifumba macho.

"Nilikuwa natania. Kikombe tupu njo jibu nilikuwa natafuta. Ukiniletea tupu ya saa ine, mi najua batu bajifunike saa moja. Weye ulinifichia ile saa."

Alipiga mstari mrefu juu ya kurasa zangu zote. Nilimuuliza kama hata zile za kwanza, za kweli, anazifuta. Akaniuliza angezijuaje. Nikamrudishia mrija, tochi na vikombe vilivyobaki. Aliupokea mrija kwa ncha za vidole, na sikumlaumu.

Dada yangu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mchana, jua likimpiga mgongoni. Tangu atoke hospitali alikuwa anasema kidogo sana. Nilikaa chini mbele yake. Nilikuwa nimepanga kuanza polepole, lakini yeye ndiye aliyeanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu tu, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipouacha.

"Ulisema saa ine. Mi nilikuwa naingia mu mustikere saa tatu. Siku yote, saa tatu, hata usingizi haiko. Sikukosa hata siku moya. Sasa ile mbu iliniumia wapi?"

"Hapa inje, yaya. Kwa mbabula. Saa moja, saa unasonga bugali."

"Weye ulijuaje?"

"Nilikuwa naiona. Kwa miguu yako."

 Akakishusha kitenge chake taratibu, akaivuta miguu yake ndani, akaifunika yote mpaka vidole, kama vile mbu mwenyewe ndiye aliyekaa mbele yake.